Presha yako ya 136

Uyole, Mbeya
14 Julai

Mpendwa Mama Upendo,

Salamu toka kwenye baridi. Leo majani ya viazi yameamka meupe kwa sakitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umepimwa 136 kwa 86, nesi kasema "iko mpakani", ukarudi nyumbani ukameza vidonge vya mama mkwe! Hapo umekosea, dada. Vile kaandikiwa yeye kwa mwili wake. Usirudie.

Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikaza, ya chini ni pale unapojiachia. Hapa kwetu ugonjwa huhesabiwa kuanzia 140 kwa 90, tena kwa vipimo vya siku tofauti. Upendo aliyesoma kwenye simu kwamba tayari una presha hakukudanganya: Wamarekani mwaka 2017 walishusha mpaka hadi 130 kwa 80. Damu ni ileile, mstari ndio umesogezwa. Kwa hiyo usijiite mgonjwa, lakini usijisahau.

Halafu ulivyopimwa! Umepanda kwa miguu toka Ipogolo, hujapumzika, sweta umelikunja hadi kwapani, mkono unaning'inia, na soga juu. Vyote hivyo hupandisha namba, na baridi nayo hukaza mishipa. Mimi mwaka jana niliandikiwa 148, kumbe nimebana mkojo tangu kwenye daladala. Nilipotoka chooni nikatulia, 134. Nilicheka peke yangu.

Baraka anapita Iringa Ijumaa, nimempa mashine yangu, betri mpya. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, usikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi. Pima mara mbili asubuhi kabla ya chai na mara mbili jioni, siku saba. Andika zote, hata zisizokupendeza. Siku ya kwanza iache, zilizobaki tafuta wastani. Kwa kipimo cha nyumbani mpaka ni 135 kwa 85. Daftari mpelekee daktari hata wastani ukiwa mzuri. Ila ukiona 180 kwa 120 na kifua kinabana, usingoje siku saba, kimbia hospitali.

Na chumvi, mama! Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mboga. Wewe unainyunyizia viazi vilivyokwisha kuungwa, nimekuona.

Mkanda ukikubana usilazimishe. Mkono wako mnene kuliko wangu, na mkanda mdogo husoma juu kuliko kweli. Nirudishie tu, nitafute mkubwa.

Wako,
Atu