Halmashauri mliyoisifu haikuwa na madiwani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza lau si ile ripoti yenu ya ukurasa mzima iliyowahimiza madiwani wa Tanzania wafunge safari kwenda kujifunza utawala bora katika halmashauri za nyika kame ya Australia. Mwandishi wenu aliitaja kwa jina Central Darling, ambako ndiko ninakoishi, akasifu kumbukumbu zake zilizopangwa vizuri na miaka yake mingi ya vikao vilivyokwenda kwa utulivu. Utulivu huo haukuwa muujiza wowote. Hapakuwa na diwani wa kubishana na mwenzake.

Central Darling ipo magharibi mwa jimbo la New South Wales, na kwa eneo ndiyo halmashauri kubwa kuliko zote jimboni humo: takribani kilomita za mraba 53,000, yaani inauzidi Mkoa mzima wa Dodoma. Dodoma, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya watu milioni 3. Sisi, ukitukusanya wote wa Wilcannia, Menindee, Ivanhoe, White Cliffs na mashamba ya kondoo yaliyo katikati, hatufiki 2,000. Kodi ya ardhi ya watu wachache kiasi hicho haiwezi kutunza barabara za vumbi za eneo kubwa namna hiyo, kwa hiyo halmashauri huishi kwa ruzuku za serikali ya jimbo na ya shirikisho. Fedha zilipoyumba, Desemba 2013 serikali ya jimbo iliwasimamisha madiwani, ikaweka msimamizi wa kuteuliwa, kisha baada ya uchunguzi wa hadhara ikawaondoa kabisa. Ikapita zaidi ya miaka kumi bila mkazi yeyote wa huku kumpigia kura diwani. Na hii ni nchi ambayo kupiga kura ni wajibu wa kisheria, na asiyejitokeza hutozwa faini!

Yaliyonikuta mimi katika miaka hiyo ya msimamizi ni haya. Mvua ilinyesha, barabara ya udongo ninayoitegemea ikafungwa, kama ilivyo kawaida, kwa sababu gari likipita kwenye tope lile huacha mifereji ambayo jua huikausha ikawa migumu kama saruji. Ilipofunguliwa, palikuwa na shimo kwenye kivuko kimoja cha korongo ambalo lingeweza kummeza ng'ombe. Nikapiga simu kwenye ofisi moja ya umma iliyo mbali sana na huku, ambayo sitaitaja, nikasubiri kwenye foleni ya simu huku nikipigiwa muziki, hatimaye akapokea binti mwenye sauti ya upole, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanishauri nikamwone diwani wangu. Nikamweleza kwamba sina diwani. Akaniuliza kama nimehamia karibuni. Nikamweleza kwamba hakuna mtu yeyote katika halmashauri hii mwenye diwani. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta kwenye kompyuta yake, halafu akasema kwa upole uleule kwamba basi nizungumze na diwani wa halmashauri jirani. Jiji lililo karibu nasi, Mhariri, ni Broken Hill, takribani kilomita 200 kutoka Wilcannia, na diwani wa kule hana mamlaka ya kuagiza hata koleo moja la kifusi huku kwetu. Nyumbani Tanzania diwani anaweza kukukwepa, anaweza kukudanganya, lakini mlango wake unaujua, na mkewe utamkuta gengeni ukamtuma ujumbe.

Kwa kuwa nimeshashika kalamu, nitaje na la samaki. Machi 2023, maji ya mafuriko yalipopungua na joto likapanda, oksijeni iliisha katika mto Darling pale Menindee na samaki kwa mamilioni wakafa, wakatanda juu ya maji mithili ya mkeka mweupe. Wabarkandji, wenyeji wa asili ambao mto huo wanauita Baaka, na ambao mahakama ilizitambua haki zao za ardhi mwaka 2015, walikuwa wameshaomboleza hivyo hivyo mwaka 2019. Halmashauri haina kauli juu ya maji ya mto huo; wanaoyagawa wako mbali. Je, gazeti lenu liliandika nini? Sikuona neno, ila picha ya kangaruu.

Ninapendekeza basi mchapishe masahihisho yenye ukubwa uleule wa ile ripoti, na juu yake mweke mwaka 2013 kwa herufi nene. Kuhusu ziara yenyewe, sina kinyongo, madiwani waje. Kuna mengi ya kuona, zikiwamo nyumba za White Cliffs zilizochimbwa chini ya ardhi ili kukimbia joto. Ila kila mmoja afunge mkobani hati ya msimamizi wa uchaguzi iliyomtangaza mshindi, awaonyeshe wazee wa Menindee. Wazee hao watakaa darasani, na madiwani wa Tanzania ndio watakaofundisha.

Mtanzania mkazi wa Central Darling,
New South Wales