Kikao cha Jumamosi: riwaya ya Shamba la Wanyama (George Orwell)

Habari za jioni wapendwa. Kikao kimesogezwa mbele kidogo: Jumamosi hii saa 9 alasiri badala ya saa 8, palepale maktaba.

1. Someni hadi sura ya 8. Za 9 na 10 ni za wiki ijayo.

2. Tutakaa sana kwenye maziwa na matufaha ambayo nguruwe walijitwalia (sura ya 2 na 3). Wengi humtwisha nguruwe Napoleon lawama zote, lakini hapo hata Snowball alikubaliana na nguruwe wenzake. Mbwa wa Napoleon wanatokea sura ya 5, mambo yameshaharibika zamani!

3. Kila mtu aje na amri tatu za shamba zilizoongezwa maneno kimyakimya: kitanda "chenye shuka", kuua "bila sababu", pombe "kupita kiasi". Andika pia nani alikwenda kuzisoma ukutani.

4. Natafuta mmoja wa kutueleza, dakika 5 tu, Trotsky (kiongozi wa mapinduzi ya 1917 anayefananishwa na Snowball) alivyofukuzwa Urusi mwaka 1929.

Mchango wa chai na vitafunwa ni sh. 2,000, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" leo, tujue idadi ya viti. Mwenye nakala ya ziada aje nayo.