Shoga yangu, usitie sahihi kwanza

Edinburgh, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote huko? Mama mguu umepoa? Mimi mzima, alhamdulillahi, baridi tu. Najua miezi minne imepita sijakuandikia, na naomba radhi kwa moyo mmoja.

Kilichoniamsha ni ujumbe wako wa sauti wa juzi. Nimeusikiliza mara tatu. Yaani hakimu amemtaka Mjomba alete mdhamini kwamba hatamgusa tena yule jirani wa mpakani, na kaka amekutaja wewe? Na wiki ijayo unakwenda na barua ya serikali ya mtaa mkononi? Shoga, usitie sahihi kwanza. Nisome mpaka mwisho.

Unajua kinachoniweka huku. Toka asubuhi mpaka jioni niko chumba cha kusomea cha nyaraka za taifa, jumba la mawe mwisho wa barabara ya Princes, penseli tu mkononi maana kalamu ya wino ni marufuku, napekua hati za udhamini za Scotland za miaka ya 1500 na 1600. Nilipokusikia moyo ulinipiga. Kesi ya Mjomba nimeisoma huku mara zisizo na idadi, majina tu ndiyo mengine.

Ilikuwa hivi. Mtu akimwogopa jirani yake anakwenda kuapa kwamba fulani anatishia uhai wake. Yule aliyetajwa anaamriwa alete mtu wa kumdhamini. Sheria yenyewe waliiita lawburrows, na "borrow" katika Kiskoti cha zamani ndiyo mdhamini. Ilikuwapo tangu miaka ya 1400. Mwaka 1593 Bunge likapanga viwango kwa hadhi ya mtu: bwana mkubwa mwenye cheo, pauni 2,000 za Scotland, mkulima wa kawaida, merk 100, na merk moja ilikuwa theluthi mbili za pauni. Ukivunja amani, nusu ya fedha inakwenda kwa mfalme na nusu kwa uliyemdhuru. Na usipokuwa nazo, anafuatwa aliyekudhamini.

Hapo ndipo ninapokuomba utulie, Mama Zuhura. Wanaogombana ni wawili, lakini anayefungwa kamba ni wa tatu.

Maneno ya hati hizo nimeshayakariri. Fulani anajifunga kwa ajili ya fulani kwamba mlalamikaji, mkewe, watoto wake, wapangaji wake na watumishi wake watakuwa salama, hawatadhurika katika miili yao, ardhi yao, makao yao, nafaka yao, ng'ombe wao na mali yao. Nafaka na ng'ombe wamo ndani ya hati moja na watoto! Na ndiyo haki yake, kwa sababu magomvi yenyewe yalitoka humo humo: ng'ombe wameingia malisho ya jirani, mtu kachimba udongo unaokaushwa na kuwashwa kama kuni mahali ambapo mwenzake anasema ni pake, wapangaji wamepeleka nafaka kusaga kwenye kinu kisicho chao. Wakati wa mavuno ndio hatari zaidi. Mwenye haki ya fungu la kumi alitakiwa kuchukua sehemu yake shambani kabla mkulima hajabeba ya kwake. Wakijitokeza mabwana wawili kudai fungu lile lile, kila mmoja anakuja na watu wake na silaha, na mkulima amesimama anatazama mvua ikinyeshea miganda yake.

Kuna kitu kimoja kinanitoa machozi kila nikikiona. Chini ya hati, kwenye sahihi, mara nyingi huandikwa: mkono wangu ukiongozwa kwenye kalamu na mwandishi wa hati, kwa kuwa sijui kuandika. Hebu mwone mtu huyo. Mkono wake mgumu wa shamba umeshikwa na mkono laini wa karani, kalamu inakwenda, na kwa mstari ule ng'ombe wake wote wamewekwa rehani kwa hasira ya mtu mwingine.

Basi akishindwa kulipa? Tarishi wa mahakama anakwenda kwenye nguzo ya sokoni, anasoma amri kwa sauti, kisha anapuliza pembe mara tatu. Umekwisha. Tangu hapo wewe ni mwasi wa mfalme na mali yako inayohamishika inataifishwa. Ukikaa mwaka na siku moja bila kuondolewa hukumu ile, hata mapato ya ardhi yako kwa maisha yako yote yanakwenda kwa bwana aliye juu yako. Kwa deni ambalo hukulikopa!

Sikatai, udhamini uliokoa damu. Kabla yake walikuwa wanamalizana kwa visasi. Chukua koo mbili, akina Maxwell na akina Johnstone, wa mpakani na Uingereza. Mwaka 1593 walipigana Dryfe Sands karibu na Lockerbie, Lord Maxwell akauawa. Mwaka 1598 Bunge likapitisha sheria ya kuzima visasi kama hivyo, watu walete kesi zao zisuluhishwe. Lakini Aprili 1608 mtoto wa yule aliyeuawa alikutana na Sir James Johnstone kwa ajili ya kupatana, na jamaa yao ndiye aliyekuwa katikati akiwaunganisha. Wafuasi wao wakaanza kurushiana maneno, na Maxwell akampiga Johnstone risasi mgongoni. Alikimbilia ng'ambo, akarudi, akakatwa kichwa hapa hapa Edinburgh mwaka 1613. Mimi nafikiri sana juu ya yule aliyekuwa katikati. Alirudi nyumbani akawaambia nini wa pande zote mbili?

Na serikali ilivyoona udhamini unafaa, ikaunyoosha mpaka ukapasuka. Mwaka 1587 wenye ardhi wa mpakani na wa Nyanda za Juu, yaani milimani kaskazini mwa Scotland, waliwekwa kuwajibika kwa makosa ya watu waliokaa kwenye ardhi yao. Machifu wa koo walitakiwa watoe watu wawe rehani, na sheria iliruhusu rehani huyo auawe kama jamaa zake hawakufidia walichoiba. Mtu mzima, Mama Zuhura, amewekwa kama bangili kwa mkopeshaji.

Kisha mwaka 1678. Serikali ya mfalme Charles II iliwataka wenye ardhi wa magharibi waweke sahihi kwamba wake zao, watoto, watumishi na wapangaji wao hawatahudhuria ibada za mashambani zilizopigwa marufuku. Wengi wakakataa. Wakaletewa maelfu ya askari kutoka Nyanda za Juu wakae majumbani mwao na kula chakula chao. Na bado mfalme akawachukulia ile ile lawburrows, sheria ya mnyonge anayeogopa kupigwa na jirani! Nilikasirika nikafunga faili nikatoka nje. Hoja ya wale waliokataa naiona ya haki kabisa: tutamjibia vipi mtu ambaye hatuwezi kumzuia?

Ndiyo swali langu kwako. Mjomba utamzuia? Yule aliyeng'oa minazi midogo ya mpakani usiku, na kesho yake akakaa barazani akanywa kahawa yake? Nampenda Mjomba, amenilea mimi kama wewe. Lakini anamsikiliza Mwalimu peke yake, na Mwalimu hajaombwa.

Na kama itabidi iwe wewe, huku wenye busara walikuwa na hati ya pili. Mdhaminiwa alijifunga kwa mdhamini wake kwamba hasara yoyote atamrudishia. Mwombe Mjomba hiyo, kwa maandishi, mbele ya kaka. Akiwa mwungwana hatachukia.

Nina ombi langu pia. Baba yako alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka mingi. Muulize wao waliandikaje. Nataka kuyaandika haya kwa Kiswahili na neno moja linanikwamisha. Nikisema "mdhamini" watu wataelewa wa mahakamani tu. Nikisema "kafili", dada yako wa Muscat atamwona bosi aliyemshikia pasipoti.

Sasa niambie. Kiasi ni shilingi ngapi, na kwa muda gani, miezi au miaka? Jirani naye ametakiwa kuleta mdhamini, au ni Mjomba peke yake? Baba Zuhura anasemaje? Alama za mpaka zipo, au ndiyo ile minazi iliyong'olewa? Na kwa nini kaka hasaini yeye? Nijibu kabla ya siku yenyewe, hata usiku wa manane, simu yangu iko wazi.

Shoga yako