Tumsome aliyeandika hoja, au tuisome hoja?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna sisi tuliosoma tunavyojadili siasa katika makundi yetu ya WhatsApp, yale ya waliomaliza chuo pamoja na yale ya wanataaluma, ambako mtu angetarajia hoja ipewe uzito kuliko mahali pengine popote.

Mara baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuwasilishwa bungeni, mwenzetu mmoja aliweka kundini kurasa chache kuhusu halmashauri iliyopata hati yenye shaka, yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zake zina kasoro, akaomba mhasibu yeyote atufafanulie maana yake. Jibu la kwanza lilikuja kabla mtu hajapata muda wa kufungua faili: "Umetumwa na nani?" La pili lilimwita nyumbu, yaani mfuasi wa upinzani anayefuata bila kufikiri. Aliyejitokeza kumtetea naye akawaita waliojibu chawa, yaani wanaojipendekeza kwa viongozi, na hadi usiku hakuna aliyeigusa tena ile hati, ingawa wahasibu tunao. Asubuhi msimamizi alifuta ujumbe wote na kutukumbusha kanuni ya kundi kwamba siasa na dini haziruhusiwi.

Kanuni hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Najua imetungwa kwa nia njema ya kulinda urafiki, lakini tukiangalia inavyotumika, picha ya kiongozi yenye pongezi za kuteuliwa hupita bila neno kwa kuwa inahesabiwa kuwa taarifa, wakati swali kuhusu uteuzi huohuo hufutwa kwa kuwa ni siasa. Kwenye makundi yenye wafuasi wengi wa upinzani mambo ni yaleyale kwa upande wa pili: kejeli dhidi ya serikali huitwa uchambuzi, na anayetaja jambo lililofanyika vizuri huambiwa anatafuta cheo. Kwa vyovyote vile, walio wengi ndio wanaoamua siasa ni nini, na walio wachache hunyamaza au hujitoa. Kundi la wasomi lisiloweza kuzungumzia bei ya mbolea, mikopo ya elimu ya juu au Katiba limejinyima kazi yake yenyewe.

Nchi hii imewahi kujadiliana vizuri zaidi ya hivi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi, lakini haikuificha takwimu hiyo iliyokuwa kinyume na pendekezo lake. Iliiweka wazi, kisha ikaeleza kwamba wengi miongoni mwa hao walitaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo uliokuwepo, na kwamba asilimia 20 si watu wa kupuuzwa. Mtu angeweza kuikataa hoja hiyo, lakini alikuwa na kitu cha kukataa. Tena, miongoni mwa waliofungua mlango wa mjadala huo mwaka 1990 alikuwamo Mwalimu Nyerere, mwasisi wa CCM, chama kilekile pekee kilichotawala na kilichokuwa na kila sababu ya kuufunga. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa kuruhusu vyama vingi.

Ninapendekeza wasimamizi waondoe katazo la siasa na badala yake wadai mambo mawili: anayeleta jambo ataje chanzo na ukurasa, na anayempinga aujibu ukurasa huo kabla ya kumtaja mtu. Sina ugomvi na wenye kadi za vyama, kwa kuwa kujiunga na chama ni haki yao. Ninachoomba ni kwamba kada aliye msomi aweze kusema mbele ya wenzake pale chama chake kilipokosea. Nimewahi kumwona mmoja akieleza kundini kwamba mradi wa maji uliosifiwa na viongozi wa chama chake wilayani kwao hautoi maji. Hakuna aliyemzomea. Mjadala uliofuata ulihusu pampu, umeme na mkataba wa mkandarasi, na wahandisi wawili ambao huwa hawaandiki chochote waliandika hadi usiku wa manane.

Msomaji wako,
Morogoro