Barua kwa Wanangu Mlioachiwa Majivu

Wanangu, salamu. Wa salaam aleikum aitikie, wa Bwana asifiwe aitikie, na ninyi wa Bukavu na Bujumbura mnaoniita "mama" kabla hata hatujajuana, nimewasikia.

Nawaandikia wenye Kiswahili mnaokaa California na majimbo ya jirani, hasa mliounguliwa na nyumba kwa moto wa nyika. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuwa mpangaji Altadena kwa miaka mingi, nyumba ndogo ya uani. Jioni ya Januari 7, 2025 moto ulianza Eaton Canyon, upepo wa Santa Ana ukaushika, na saa tisa usiku mimi nilikuwa barabarani na dawa zangu za presha na kanga mbili. Majengo zaidi ya 9,400 yaliteketea, watu 19 wakafariki. Usiku ule nimeusimulia mpaka umenichosha. Leo nataka kusema habari za siku zilizofuata, maana huko ndiko nilikoona watu wetu wakipotea.

Tulipotezwa na aibu. Nilifikia Pasadena Convention Center, walikofungua kambi ya waliohamishwa, nikakaa siku tatu bila kujiandikisha popote. Mimi si ombaomba, nikawa najisemea, nimefanya kazi nchi hii na kodi nimelipa. Kijana mmoja Mkongo, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, akanitazama akasema: "Mama, jiandikishe kwanza. Kukasirika utakasirikia kwenye foleni." Nikacheka, mara ya kwanza tangu moto. Waliowahi kuishi kambini wanajua jambo ambalo sisi wengine hatulijui: asiye kwenye orodha hayupo.

Basi jiandikisheni. Piga 211, ueleze uko wapi na umepoteza nini. Watakuelekeza kwenye malazi, chakula na ushauri. Rais akishatangaza janga na kufungua msaada kwa watu binafsi, piga FEMA, shirika la serikali kuu la misaada ya majanga, 1-800-621-3362. Kiingereza kikikugomea, sema "Swahili" usubiri mkalimani, usimwachie mtoto wa darasa la nne atafsiri mambo ya kodi na bima. Mwaka ule dola 770 za mahitaji ya haraka zilitolewa kwa aliyestahili, na mpangaji alihesabiwa sawa na mwenye nyumba. Mwisho wa kuomba ulikuwa Machi 31. Nawajua waliofika Aprili.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye hili la barua. Barua ya kwanza ya FEMA ikija imeandikwa kwamba hujakubaliwa, usiichane. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna karatasi imepungua: barua ya bima, uthibitisho kwamba ulikaa pale, au jina halilingani. Una siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua kukata rufaa. Sisi tumezoea kwamba ofisi ikishasema hapana, imesema, unarudi nyumbani kumwachia Mungu. Hapa hapana ya kwanza ni kama dalali anapotaja bei.

Yangu ilikwama kwa kosa langu mwenyewe. Majina yetu mnayajua: lako, la baba, la babu. Kwenye grinikadi la babu ndilo la ukoo, kwenye mkataba wa nyumba niliandika la baba, na bili ya umeme ilibaki na jina la marehemu mume wangu, sikuwahi kubadilisha. Mbele ya kompyuta nilikuwa wanawake wawili na mwanamume mmoja. Ilibidi nipeleke cheti cha ndoa, cheti cha kifo na barua ya mwenye nyumba. Kwa hiyo leo, kabla hakujawaka kitu, tazameni bili zenu zina jina la nani, mpige picha kila karatasi, mmtumie ndugu aliye mji mwingine.

Na mnaokaa familia mbili au tatu nyumba moja, semeni hivyo tangu mwanzo kwamba ni kaya mbalimbali. Wa kwanza akiomba kwa anwani ile na wa pili akafuata bila maelezo, wa pili huonekana amerudia ombi la kwanza.

Bima yangu ya mpangaji ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo. Wakanitaka niandike kila kitu kilichokuwa ndani, chumba kwa chumba. Fanya hivyo ukiwa umefumba macho: fungua mlango, ingia, tazama kushoto. Nikaandika chetezo, sufuria za pilau, mkeka wa ukindu. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akitafsiri, na nilipofika kwenye mbuzi ya kukunia nazi akaandika mbuzi. Mtathmini akapiga simu kuuliza kama nilikuwa na kibali cha kufuga.

Kuna mkopo wa SBA pia, shirika la serikali la biashara ndogo. Watu husikia ni wa wafanyabiashara wakaupita, kumbe hata mpangaji anaweza kukopa hadi dola 100,000 za vitu vilivyoungua. Ila ni mkopo, una riba. Mwenye kuogopa riba ajue kwamba tangu Machi 2024 si lazima kuuomba ndipo ufikiriwe kwa misaada mingine ya FEMA.

Wasio na karatasi, na wenye viza za masomo au kazi, sitawadanganya: fedha za FEMA si zenu kwa majina yenu. Mtoto wako mdogo akiwa raia, unaweza kuomba kwa jina lake. Lakini taarifa zitabaki serikalini, basi ongea kwanza na wakili wa msaada wa sheria, bure, halafu amua. Malazi ya Msalaba Mwekundu hayaulizi uraia. Mliounguliwa na pasipoti, Wakenya mna ubalozi mdogo hapa hapa Los Angeles. Watanzania na Wakongo mtaandika Washington.

Michango yetu ya WhatsApp ni mizuri, ndiyo iliyoninunulia viatu. Ila mkiitangaza kuwa ni ya kodi ya nyumba, FEMA wanaweza kuhesabu kwamba kodi imeshalipwa. Andikeni mnachokikusudia kweli, na mtunze hesabu.

Atakayekuja na koti lenye maandishi akitaka ada ili akuharakishie fomu, mfukuze. Mkaguzi wa kweli wa FEMA ana kitambulisho chenye picha na hachukui hata senti. Mwenye nyumba akikupandishia kodi zaidi ya asilimia 10 wakati hali ya dharura imetangazwa, sheria ya California inamkataza, mshtaki. Na msiende kuchakura majivuni na kandambili mkitafuta dhahabu. Mle mna madini ya risasi yaliyotoka kwenye rangi za zamani, asbesto, betri zilizopasuka. Nilikwenda. Nilipata kisahani kimoja na kikohozi cha wiki tatu.

Sasa nakaa kwa binti yangu, Pomona. Kila Jumamosi baada ya alasiri meza ya jikoni ni yangu: nina miwani, stepla na subira. Mwenye barua asiyoielewa aje nayo, hata kama imeshakunjwakunjwa. Chai ipo. Maandazi ya nazi bado, mpaka apatikane msafiri wa kuniletea mbuzi kutoka Tanga, na safari hii nimemwambia mjukuu aipige picha.

Mama yenu,
zamani wa Altadena