Wolai wa Oahe kabla hawajataga

Pierre, South Dakota
29 Machi

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza uje wiki gani kuvua wolai kwenye bwawa la Oahe, na ubebe nini. Panga wiki ya pili ya Aprili, ila kinachoamua ni kipimajoto, si kalenda. Wolai (jina lake ndilo hilo, usidhani watu wa huku wanaapa kila wakipata samaki) hutaga maji yakiwa kati ya nyuzi 6 na 10 za Selsiasi. Sisi tunawataka kabla ya hapo, yakiwa nyuzi 4 hadi 6. Chombo cha kwenye mashua kitakuonyesha Farenhaiti, kwa hiyo shika kichwani 40 hadi 43.

Ukimwona utasema ni sangara mdogo: mgongo wa dhahabu chafu, pezi la mbele lenye miiba, na jicho jeupe kama limeingia ukungu. Shika jicho hilo, maana ndilo linaloamua mambo. Anaona vizuri gizani na kwenye maji ya tope, mahali ambapo vidagaa hawaoni kitu. Maji yakiwa angavu na jua likiwaka, hushuka chini akatulia.

Oahe ni refu, kilomita kama 370 kutoka ukuta wa bwawa hapa Pierre hadi karibu na Bismarck. Sehemu kubwa ya maji hayo mwezi wa nne haina samaki wa maana. Wageni hukosea kwa kukimbilia pale mayai yatakapotagwa, yaani kwenye kokoto na mawe, kina cha mita moja hivi. Mapema namna hii utawakuta madume wachache tu, nao wengi wadogo. Majike bado wamesimama nje kidogo, kama watu wanaongoja mlango wa harusi ufunguliwe. Kwa hiyo tafuta mlango. Tazama ramani ya chini ya maji: anza kwenye ufuko wa kokoto au mdomo wa kijito, kisha fuata kwa kidole kuelekea kilindini hadi ukingo wa mkondo wa zamani wa mto, ule uliozama bwawa lilipojaa. Pale ukingo unapokaribia ufuko zaidi, kina cha mita 4 hadi 8, ndipo pa kuanzia.

Mikono ya magharibi ndiyo ninayoiamini zaidi: Cheyenne, na huko juu karibu na Mobridge, Moreau na Grand. Mito hiyo huleta maji ya tope, na tope hushika joto la jua. Tofauti ya nyuzi moja au mbili tu inatosha kuwakusanya. Kama hutaki kwenda mbali, tafuta hori lisilo na kina lililo upande wa kaskazini, maana jua la kusini hulipiga kutwa nzima. Au tafuta rasi inayopigwa na upepo kwa siku ya pili mfululizo. Upepo husukuma maji ya juu yenye joto hadi ufukoni na kuyachafua. Watu hukimbilia upande uliotulia kwa sababu ni raha kuvua hapo, lakini samaki wako upande wa pili.

Usiitegemee ramani ya mwaka jana bila kupima upya. Kina cha bwawa hupanda na kushuka, na mita mbili tu zinatosha kuifanya rasi nzuri iwe nchi kavu. Miti iliyozama nayo bado ipo, itakula ndoana zako.

Sasa vifaa. Fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, nyepesi na yenye ncha inayohisi haraka. Mshipi wa nailoni wa pauni 6 au 8. Jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi, zinauzwa kwa wakia: chukua za robo wakia kwa wingi, za moja ya nane kwa maji yenye kina kisichozidi mita 3, na chache za tatu ya nane kwa siku ya upepo. Nyepesi mno haitafika chini. Nzito mno huanguka kama jiwe, na samaki wa maji baridi haifukuzi. Rangi: chungwa, au ile ya manjano-kijani, kwa maji ya tope.

Kidagaa hai cha urefu wa kidole kivalishe hivi: ndoana iingie mdomoni, ipite ndani, itokee nyuma ya kichwa, kisha ukisukume mpaka kigusane na risasi. Ukikitunga midomo tu, kitang'oka ukirusha mara ya pili.

Shusha mpaka mshipi ulegee, kisha inua sentimita 10 tu. Tulia. Gusisha chini tena. Mota ya umeme iwe taratibu, chini ya kilomita moja kwa saa. Mshipi ukilala sana nyuma ya mashua, unakwenda mbio. Usingoje kushtuliwa: mwezi huu wolai hagongi, utahisi uzito tu, kama jani bichi limekwama. Inua hapo hapo. Kidagaa kikirudi kimekwaruzwa mkiani bila samaki kunasa, funga ndoana ndogo ya matawi matatu sentimita 5 nyuma ya jigi.

Asubuhi lala tu. Maji hupata joto mchana, na saa nzuri ni kuanzia saa tisa mpaka giza. Jua huzama baada ya saa mbili usiku, na hapo wolai wengine hupanda kwenye mawe ya ukuta wa bwawa, unaweza kuwavua ukiwa nchi kavu kwa chambo bandia chembamba kinachoelea katikati ya maji, ukivuta polepole sana.

Wa kula ni madume ya sentimita 40 hivi. Jike la kilo 3 lina mayai zaidi ya laki moja, na nyama yake si tamu kuwazidi hao, mrudishe. Ila ukimtoa kina cha mita 10 kibofu chake cha hewa huvimba, kumrudisha hakusaidii, kwa hiyo usivue kilindini ukiwa na nia ya kuachia. Idadi na vipimo vinavyoruhusiwa visome kwenye kanuni za mwaka huu unapokata leseni.

Jaketi la kuokolea livae tangu gatini, si kulikalia. Maji ya nyuzi 5 hufanya vidole visifungue hata zipu. Ukitoka majini, ng'oa kizibo cha mashua na umwage maji yote, ni sheria ya jimbo kwa sababu ya kome wavamizi.

Beba jozi mbili za glavu, maana ya kwanza italowa kwa ndoo ya chambo kabla hata hatujaondoka gatini.

Wako,
Juma