Kwa Hamisi: Hiace yenye moshi mweusi kwenye mlima wa Soni

Hamisi rafiki yangu,

Salaam sana. Barua yako imenifikia, na nashukuru kusikia mama amepata nafuu. Kuhusu gari, nianze na moja: usiruhusu nozeli, yaani vile vinyunyizio vya dizeli kwenye injini, zitolewe. Bado.

Umeniandikia kwamba Hiace ikiwa tupu mjini haina neno, lakini ikishapakia na kuanza kupanda kutoka Mombo kwenda Soni inachoka, inang'ang'ania gia namba mbili, na nyuma inaacha wingu jeusi. Taa ya injini haijawaka. Fundi amesema nozeli zote nne zimekufa. Inawezekana, ila hizo nozeli ni za bei, na dalili ulizonitajia mara nyingi chanzo chake ni hewa. Upande wa hewa unakaguliwa kwa bisibisi, tochi na maji ya sabuni.

Moshi mweusi ni masizi, yaani dizeli iliyoingia kwenye silinda ikakosa hewa ya kuunguzia. Moshi wa bluu ni oili, mweupe ni dizeli ambayo haikuwaka kabisa au maji ya rejeta. Sasa piga hesabu: kilo 1 ya dizeli inataka karibu kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Kwa ujazo, lita 1 ya dizeli inameza zaidi ya lita 10,000 za hewa. Injini yako, hii dizeli ya Toyota inayoitwa 1KD, ina lita 3 tu, kwa hiyo mlimani inategemea tabo, ile feni inayozungushwa na moshi, iisukumie hewa. Na Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari; hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kasoro ndogo ambayo huku pwani haionekani, kule inajitangaza.

Jambo la pili la kukumbuka, na fundi wako amelipita: dizeli ikiwa haifiki vizuri, kwa mfano filta ya dizeli imeziba, gari hukosa nguvu lakini halitoi moshi mweusi. Litakohoa, litakatika, litazima, ila nyuma kutakuwa safi. Wewe una moshi, kwa hiyo dizeli inafika. Ama hewa imepungua, ama dizeli inamwagika ovyo ndani ya silinda.

Kabla ya kufungua chochote, endesha kilomita kumi kisha shuka uguse rimu moja moja kwa tahadhari. Ikiwa moja ni ya moto kuliko nyingine, breki inashika, na injini inavuta gari lililofungwa. Kwenye barua yako hukusema kama klachi inateleza, iangalie pia. Yote mawili yanalichosha gari bila injini kuwa na kosa lolote.

Haya, inua kiti cha mbele uingie kwenye injini.

Anza na filta ya hewa. Itoe, imulike kwa tochi kutoka ndani; mwanga usipopenya, nunua mpya. Kupuliza kwa kompresa kunaruhusiwa mara moja moja, kutoka ndani kwenda nje, upepo ukiwa mdogo. Wengi wanapuliza kutoka nje, vumbi linashindiliwa ndani ya karatasi, na filta inaonekana safi huku imeziba. Kagua na mpira unaotoka filta kwenda kwenye tabo. Ukizeeka unakuwa laini, na injini ikivuta kwa nguvu unajikunja na kujibana. Gari likisimama unarudi umbo lake, ndiyo maana hakuna anayeuona. Ubonyeze kwa vidole: ukikunjika kirahisi, haufai tena.

Kisha mipira inayotoka kwenye tabo kwenda intakula, yaani kipoza hewa, na kurudi kwenye injini. Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Mpira uliopasuka upande wa chini, au klampu iliyolegea, unavujisha hewa pale tu tabo inaposukuma, yaani mlimani ukiwa na mzigo. Tafuta sehemu yenye oili nyeusi iliyotapakaa kwenye kiungio. Hewa ya tabo hubeba mvuke wa oili, na inapotokea huacha alama. Tabo ikiwa na mluzi mkubwa kuliko zamani, au ukisikia "fshhh" unapokanyaga, umeshafika.

Kuhakikisha, fanya hivi injini ikiwa imezimwa na imepoa. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mpira wa kuingilia tabo, kitoboe, funga humo vali ya tairi isiyo na mpira wa ndani, kisha kikaze kwa klampu. Ziba mpira mdogo wa kupumulia unaotoka juu ya injini, la sivyo upepo utaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kusukuma sili. Jaza upepo polepole hadi pau 0.7, usivuke 1. Pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Upepo utashuka wenyewe kidogo kidogo kwa sababu kuna vali za injini zilizo wazi, kwa hiyo usiitazame geji. Tazama povu, sikiliza.

Mipira ikiwa mizima, nenda kwenye EGR. Hiyo vali inarudisha moshi kiasi ndani ya injini ili kupunguza sumu, na ikikwama wazi injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa. Kata kipande cha bati kigumu, milimita 1 hadi 2, ukiweke kwenye kiungio cha bomba la EGR kama gasketi isiyo na tundu, halafu panda mlima. Moshi ukikatika, mwizi umemshika. Bati hilo ni la kupimia. Likibaki, kompyuta itakuja kulalamika siku moja. Itoe vali uisafishe, na ukiwa umeifungua chungulia manifodi ya kuingizia hewa. Kwenye 1KD masizi ya EGR yakichanganyika na mvuke wa oili yanaganda kama lami hadi njia inabaki nusu. Manifodi isafishwe ikiwa imetolewa. Mtu akitaka kupulizia dawa nyingi ndani ya injini inayozunguka, mkatalie: injini ya dizeli inaunguza chochote kinachowaka, na inaweza kushika mwendo wa kukimbia ambao hata ukizima swichi haisimami.

Karibu na hapo kuna sensa inayopima msukumo wa hewa kwenye manifodi, na kimrija chake kinaziba masizi mara kwa mara. Tutairudia kwenye mashine.

Tabo yenyewe: ondoa mpira wa kuingilia, shika ncha ya shafti kwa vidole injini ikiwa baridi. Kucheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida, oili huujaza huo mwanya. Kucheza mbele na nyuma si kawaida, wala bawa kugusa nyumba yake. Kwenye 1KD kuna vibawa vidogo upande wa moshi vinavyojifungua na kujibana kufuatana na mwendo, vikisukumwa na mota ya umeme. Masizi yakivikwamisha vikiwa wazi, gari linakuwa zito na lenye moshi kwenye mizunguko ya chini, kisha likivuka 2,500 hivi linaamka ghafla. Vikikwama vimebana, msukumo unazidi kipimo na kompyuta inakata nguvu ili kujilinda. Mwambie mtu awashe injini na kukanyaga huku wewe unatazama fito inayosukuma vibawa hivyo. Isiposogea, au ikisogea kwa kusitasita, umepata kazi.

Bomba la moshi nalo. Baadhi ya Hiace za Japani zilikuja na chujio la masizi. Chujio likiwa zima, moshi mweusi haupiti hata injini iwe mbovu. Gari linakosa nguvu tu. Kwa kuwa wewe unauona moshi, chujio ama halipo, ama limepasuka, ama mwenye gari wa kwanza alilitoboa. Muulize aliyekuuzia.

Sasa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi mara nyingi haviongei na magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota. Na usikubali kipimo kifanyike gari likiwa limesimama gereji, fundi anakanyaga tu mafuta. Bila mzigo tabo haina sababu ya kusukuma, kila namba itaonekana nzuri, nawe utaambiwa gari halina kosa. Pakia gari, mtu wa pili akae na mashine, mpande pale pale linapochoka.

Swichi ikiwa imewashwa na injini haijawaka, sensa ya msukumo isome hewa ya mahali ulipo: kama kilopaskali 100 Tanga, kama 86 Lushoto. Ikisoma vingine, sensa au mrija wake una shida, na kompyuta inafanya kazi kwa uongo. Mkipanda kwa mzigo pedeli ikiwa chini, namba hiyo ipande kuelekea 200. Ikigota kwenye 120 au 130 wakati moshi unatoka, rudi kwenye mipira na tabo, nozeli ziacheni kabisa.

Sensa ya kupima hewa iliyo karibu na filta: injini ya lita 3 ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa, mizunguko 750, EGR imefungwa, inavuta gramu 17 hadi 20 hivi kwa sekunde ukiwa pwani. EGR ikifunguka namba inashuka sana, na hiyo ndiyo kazi yake. Ikibaki chini hata EGR ikiwa imezibwa kwa bati, isafishe kwa dawa maalumu ya sensa hiyo, usiguse waya wake kwa kitambaa wala kidole, iache ikauke.

Mkishamaliza yote hayo na hewa iko sawa, ndipo nozeli. Kwenye mashine kuna mahali panapoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza dizeli kiasi gani kwa kila silinda ili injini itulie sailensa. Injini ikiwa ya moto, nozeli nzuri zinacheza karibu na sifuri. Inayovuka 3 (milimita za ujazo kwa kila mpigo), juu au chini, naitilia shaka. Ikivuka 5 naitoa ikapimwe kwenye benchi. Usibadilishe nne kwa sababu ya moja. Nozeli mpya ya 1KD ina namba yake ya siri iliyochapwa juu, lazima iingizwe kwenye kompyuta. Ikirukwa, unalipa pesa yote na moshi unabaki.

Kila nozeli inapotolewa, washa ya shaba (kile kipete cha kuzibia) chini yake iwe mpya. Hili nalisisitiza kwa 1KD kuliko injini nyingine. Washa ikivuja, gesi ya moto inapanda na kuingia kwenye oili, masizi yanashuka hadi kwenye chekecheke la pampu ya oili ndani ya sampu, linaziba, na injini inakosa oili. Tabo ndiyo ya kwanza kufa. Ukisikia mlio wa "chu-chu-chu" juu ya injini asubuhi ikiwa baridi, au kwenye nozeli ukakuta uji mweusi mkavu, shusha sampu ulitazame hilo chekecheke kabla ya kununua tabo.

Na hili mwambie fundi kwa upole lakini kwa mkazo. Kwenye injini za zamani za Toyota, 3L na 5L, mafundi walizoea kulegeza nati za nozeli moja moja injini ikiwa inazunguka, kujua ipi haifanyi kazi. Kwenye 1KD hairuhusiwi. Hata sailensa, dizeli ndani ya mabomba yale ina mamia ya pau. Inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda chake kinaonekana kidogo huku mkono unaoza kwa ndani. Anayepigwa anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Nitumie namba tatu: msukumo wa hewa swichi ikiwa imewashwa tu, msukumo huo huo mkipanda kabla ya Soni pedeli ikiwa chini, na marekebisho ya nozeli zote nne. Na uniambie kama moshi ulianza siku moja ghafla au ulikuja taratibu. Ukianza ghafla, mimi natafuta mpira uliopasuka. Ukija taratibu, nafikiria masizi kwanza.

Wasalimie wote nyumbani, mama hasa.

Wako,
Rashidi